Bei Mbili za Sweta la Mama

Mama yangu alikuwa na sweta la mtumba lililofumwa picha ya mnyama kifuani, mnyama mwenye pembe zenye matawi kama mti. Watoto wa kwetu Songambele walipomuuliza huyo ni mnyama gani, aliwajibu bila kucheka kwamba ni ng'ombe wa Ulaya, na kwamba kule baridi ni kali mpaka pembe zinachipua. Wakaamini. Wengine walimpelekea wenzao waje kumwona huyo ng'ombe, naye akawa anawageukia vizuri ili waone pembe zote.

Mwaka ule ninaousimulia, ng'ombe alikuwa ameshafumuka kichwa. Viwiko vya mama vilikuwa nje, na kola imebaki uzi mmoja. Mwezi wa sita kwetu ukungu unalala kwenye kibanja, shamba letu la migomba na kahawa, mpaka jua limepanda, na migomba inadondosha maji kama mvua imenyesha. Mama alikuwa anatoka alfajiri kuchuma kahawa ndani ya ukungu huo huku amejifunga kanga mbili juu ya sweta hilo, anakohoa na kusema hajambo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kanoni. Niliamua kumnunulia sweta jipya, zuri, la sufu ya kweli. Kuamua kununua kulikuwa kazi rahisi. Kazi ilikuwa bei. Kwanza nilisema moyoni elfu thelathini zinatosha. Halafu nikakumbuka kwamba mwezi huohuo nilikuwa nimejinunulia viatu kwa zaidi ya hizo, viatu ambavyo vilinibana hadi nikavigawa. Nikapanda mpaka arobaini. Mwalimu mwenzangu, mama wa makamo ambaye hapendi kuona mtu akiteseka peke yake, akanikuta nawaza nikamweleza.

"Sweta la miaka mingapi?" akauliza.

"Nataka lidumu."

"Basi usinunue la elfu arobaini. Hilo litadumu mpaka Krismasi. Nenda mpaka sitini, ulie mara moja."

Nikakubali sitini, na kulia nikalia kidogo mapema, nikamaliza.

Tatizo likabaki mama mwenyewe. Mama hakuhesabu fedha kwa shilingi, alihesabu kwa mikungu ya ndizi. Kitu chochote ukimtajia bei, anatulia kidogo, anakigeuza kuwa mikungu, kisha anakuuliza mikungu yote hiyo nani ataila. Nilipompigia simu kumwambia tukutane Omurushaka tukachague sweta, alisema atakuja, lakini akaweka mpaka.

"Likizidi elfu ishirini na tano, mimi narudi nyumbani. Na sitakuaga."

Nilimjua. Angeondoka kweli.

Basi nikapanga hila, na hila yenyewe ilitegemea jambo moja. Mama yangu hakujua Kiswahili. Hilo kila mtu kwetu alilijua. Alisoma madarasa mawili matatu enzi zake akaacha, na Kiswahili chake kilikuwa cha marahaba, asante, na nyimbo za kanisani. Mabwana kilimo wakija, ni sisi watoto tuliomtafsiria. Redio ilikuwa ikiongea jikoni kutwa, na kwenye michezo ya kuigiza mama alicheka, wakati mwingine akatangulia kucheka kabla yetu. Tulidhani anachekeshwa na sauti.

Na mwenye duka niliyemkusudia Omurushaka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani. Kiswahili chake kilinyooka kama nguo iliyopigwa pasi, na sikuwahi kumsikia akitamka neno la Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani. Kwa hiyo, nilijiambia, kati ya hawa wawili nitakuwepo mimi. Bei itapita kwangu ikielekea huku, itatoka ikiwa nyingine ikielekea kule. Mama atasikia ishirini na tano, mzee atapata sitini yake, na Mungu atanisamehe kwa kuwa ni baridi.

Siku hiyo mama alifika na gari la asubuhi, amevaa gauni la kanisani na ng'ombe wake asiye na kichwa juu yake. Tukaingia dukani. Nikamwamkia mzee, naye akamwamkia mama.

"Shikamoo, mama yangu."

"Marahaba," akajibu mama, akafunga mdomo kama mtu aliyemaliza akiba.

Mzee akatandaza masweta kaunta nzima. Mama akalishika la kwanza, la rangi ya zambarau, lenye vifungo vya kung'aa. Akalivuta, akalinusa, akaniambia kwa Kinyambo, "Mwombe kiberiti."

"Cha nini?"

"Wewe omba."

Nikaomba, kwa aibu. Mama akanyofoa uzi mdogo kwenye upindo, akauwasha. Uzi ukanywea, ukawa tone jeusi gumu kama plastiki. Akalionyesha kwa mzee bila kusema kitu. Mzee akavua miwani, akalitazama tone, akavaa miwani. Akayakunja masweta yote yaliyokuwa kaunta, akaingia nyuma, akarudi na mawili yaliyokuwa ndani ya nailoni, moja la kijani kizito na moja la rangi ya kahawia. Mama akanyofoa uzi wa lile la kijani. Ukaungua na kunuka nywele zilizoshika moto. Majivu yakasagika kati ya vidole vyake.

"Hili ni kondoo," akasema mama kwa Kinyambo. "Muulize bei."

"Bei gani hili, mzee wangu?"

"Hili, mwalimu, sitini na tano."

Nikamgeukia mama. "Anasema thelathini," nikamwambia kwa Kinyambo.

"Ameota? Mwambie ishirini."

Nikamgeukia mzee. "Mama anasema hamsini."

Mzee akatazama dari muda mfupi. Nilidhani anapiga hesabu. "Mwambie mama, kwa heshima ya umri wake, sitini."

"Ameshuka mpaka ishirini na saba," nikamwambia mama. "Anasema ni kwa heshima ya umri wako."

"Umri wangu ameuona wapi? Mwambie ishirini na tano, au narudi Songambele."

"Mama anasema hamsini na tano, mzee wangu, na anakushukuru sana."

Mzee akakohoa. Akainama chini ya kaunta kama anatafuta kitu, akakaa huko, mabega yakitikisika. Alipoinuka macho yalikuwa na machozi. Nikamwambia pole kwa mafua.

"Asante, mwalimu. Ni vumbi la hapa chini. Haya, hamsini na tano. Mwambie mama amenishinda."

Sijui kama nimewahi kujiona mjanja kama dakika ile. Nilikuwa nimeokoa elfu tano kwenye sitini yangu, mama yuko ndani ya mpaka wake, mzee ameridhika. Nikamwambia mama kwa sauti ya ushindi, "Amekubali ishirini na tano!"

Mama akalivaa sweta. Akanyoosha mikono, akaikunja, akajikagua kwenye kioo kilichokuwa ukutani. Akalivua polepole, akaliweka juu ya lile la kahawia, akayapapasa yote mawili.

"Waitu, mwanangu," akasema kwa upole wa kunitisha, "sweta la kondoo kwa elfu ishirini na tano! Mtu akiacha bei kama hii amejinyima mwenyewe. Na mama yako mdogo kule Bugomora anatetemeka kama mimi. Mwambie afunge yote mawili."

"Mama, mawili?"

"Ni elfu hamsini tu. Ulisema ulikuja na sitini. Zitakazobaki tutakula chakula."

Nilikuwa nimemtajia hizo sitini kwa mdomo wangu, kwenye simu, nikijisifu. Nikatazama masweta, nikamtazama mzee aliyekuwa anafuta kaunta mahali palipokwisha kufutwa. Mia moja na kumi sikuwa nazo, wala sikujua nimwombe nani. Nikafanya kile ambacho mkalimani yeyote mwoga angefanya. Nikamwambia mzee kwa Kiswahili, "Mama anasema ameshukuru sana, amechoka, tutarudi siku nyingine."

"Mimi sikusema hivyo, mwalimu," akasema mama.

Alisema kwa Kiswahili. Tena hakikuwa cha kubahatisha. Kilikuwa Kiswahili cha mtangazaji wa taarifa ya habari, kila herufi imekaa mahali pake. Nilimwangalia mdomoni kama mtu aliyesikia mbuzi akitaja jina lake.

Mzee akashindwa kabisa. Akashika kaunta kwa mikono miwili akacheka mpaka barakashia ikamteleza, kisha akamwambia mama kwa Kinyambo safi cha Karagwe, chenye maneno ambayo mimi huyatafuta, "Mama, nilikuwa nasubiri nione mtoto wako atatufikisha wapi. Bibi mzaa mama alikuwa Mnyambo. Nimelelewa mgongoni kwake."

"Nilijua," akasema mama. "Nilipotaja ishirini, sikio lako lilicheza."

Wakacheka wote wawili kama watu waliosoma darasa moja. Mimi nikavuta kigoda nikakaa, kwa sababu kazi ya ukalimani ilikuwa imekwisha na hakuna aliyenihitaji.

Baada ya hapo nilishuhudia biashara ya watu wazima. Walichanganya Kinyambo na Kiswahili wanavyotaka. Mama alitaja themanini kwa yote mawili. Mzee akamwapia kwamba hapo atakula hasara. Mama akamwambia asiape, nywele za kondoo zinasikia. Wakafika mia moja, wakakwama. Mama akageuza mfuko wa sweta la kahawia, akamwonyesha pindo lililoruka nyuzi. Mzee akashuka mpaka tisini na tano, na wakashikana mikono kabla sijaulizwa lolote.

"Toa hamsini," mama akaniambia.

Nikatoa. Yeye akaingiza mkono ndani ya gauni, akafungua pindo la kitambaa alichojifunga kiunoni, akatoa fedha yake ya kahawa. Akaongeza zilizobaki bila kuzigeuza kuwa mikungu. Nilisubiri nisikie mikungu. Haikutajwa.

Tulipokwenda kula ndizi na maharage kwenye kibanda cha jirani, nilimuuliza kwa nini alituambia miaka yote hiyo kwamba hajui Kiswahili.

"Sikuwaambia. Mlisema ninyi." Akatafuna, akaendelea. "Baba yenu alipofariki, wanunuzi wa kahawa walianza kuja nyumbani. Wanakaa mbele yangu wanashauriana kwa Kiswahili, huyu mama tumpe kiasi fulani, akikataa tupande mpaka kiasi fulani. Mimi nawakaangia karanga. Sasa ningewakatiza mazungumzo?"

"Na mimi je? Mimi ni mnunuzi wa kahawa?"

"Wewe unajificha ukitaka kuninunulia kitu. Niliona nikuache ufurahi."

Nikamuuliza tena, kama bei ya kweli aliisikia tangu mwanzo, mbona hakurudi nyumbani alivyoapa. Akapangusa sahani na kipande cha mwisho cha ndizi.

"Nikivaa la elfu hamsini peke yangu, nitajisikia mwizi kila asubuhi. Tukivaa wawili tumegawana wizi."

Alilivaa sweta palepale. Jua la mchana lilikuwa limetoka, watu wa Omurushaka wako na mashati mepesi, na yeye anatembea barabarani amefunga vifungo mpaka shingoni, jasho linamtiririka, anasalimia watu asiowajua. Nilimwomba alivue. Akasema upya wake haujapoa bado.

Jumamosi iliyofuata tulilipeleka la kahawia Bugomora. Mama mdogo ni mtu wa maneno machache na hapendi kuonekana amefurahishwa. Akalipokea, akalikunjua, akaligeuza nyuma na mbele. Hakusema asante. Akalivaa juu ya kitenge, akajipapasa mikono, kisha akachukua ndoo.

"Nakwenda kuteka maji," akasema.

Mapipa yake mawili yalikuwa yamejaa mpaka yanamwagika. Mvua ilinyesha usiku mzima. Bomba nalo liko mwisho wa kijiji, na njia yake inapita mbele ya nyumba za majirani wote. Tulimwona akishika njia hiyo polepole, ndoo tupu mkononi, akisimama kila uani kuulizia hali za watu. Mama alikuwa ameegemea mlango, amefunika mdomo kwa mkono.

"Mwache," akaniambia kwa Kiswahili. "Akirudi, mwambie pole na kazi."