Hodi Shambani

Baba yangu alikuwa bingwa wa kuwahurumia watu wa mbali. Kila jioni aliweka redio juu ya stuli, na taarifa ya habari ikitaja nchi ambako watu wanafungwa kwa kusema, au wasichana wanakatazwa kusoma, alitikisa kichwa hadi ugali unapoa. "Hivi hao si binadamu?" alituuliza kwa ukali, kana kwamba sisi ndio tuliowanyima haki.

Siku ya kugawa mashamba aliwaita kaka zangu wote. Mimi, niliyelima matuta yale tangu utoto, niliambiwa nichemshe chai. Nilikuwa namimina chai pale mama, ambaye hakuwahi kumkatiza mumewe, alipoingia akazima redio.

"Mzee," alisema, "hao wa mbali umewalilia vya kutosha. Huyu wa humu ndani haki yake iko wapi?"

Kaka zangu wakatazama vikombe vyao. Nikaacha birika, nikavuta kiti, nikakaa kikaoni. Hadi tunainuka, shamba la upande wa Malangali lilikuwa langu.

Msimu huu nimevuna mahindi na ulezi mpaka ghala limekataa kufunga. Juzi baba alikuja na baiskeli yake. Shamba halina uzio wala mlango, na watu hukatisha humo watakavyo. Yeye alisimama ukingoni, akavua kofia, akapiga hodi.

Nilimwacha asubiri kidogo. Kisha nikasema, "Karibu, baba."