Shubiri Moja Kutoka Sakafuni

Fundi anayeng'oa mikanda kwenye ngazi za kupandia miti na kufunga kamba mahali pake hana haraka, hata msimu wa kuwinda kulungu ukiwa mlangoni. Mikanda hiyo ndiyo humshikilia mwindaji huko juu, lakini ina vifungo vya chuma, husema, navyo vikigongana alfajiri, kulungu wa bonde zima wanajua nani kafika. Sauti yake ni ya chini, ya mtu aliyezoea kunong'ona juu ya matawi. Vidole vyake vyenye sugu hukaza fundo, hulilowesha kwa mate, hulikaza tena. Ila hafungi kamba mpya kabla hajaning'inia kwenye mkanda wa zamani, shubiri moja kutoka sakafuni, asije akamuuzia mtu asichokihitaji.

Leo Rhonda kamletea ngazi ya mumewe, Merle, kwa siri, maana Merle huapa mkanda wake ni mzima. Fundi akautundika mkanda kwenye boriti, akajifunga nao kiunoni, akakumbatia gunia la mahindi.

"Gunia la nini tena?"

"Mimi ufito, shemeji. Mumeo ana mwili."

Akakunja magoti. Mkanda ukakatika, naye pu! kitako sakafuni, mahindi yakamwagika mpaka chini ya meza. Rhonda alicheka hadi akashika mbavu. Fundi hakucheka. Aliokota kipande cha mkanda, akakigeuzageuza.

"Jana alipanda?"

"Mpaka juu kabisa ya ule mwaloni," Rhonda akajibu, kicheko kikiwa bado mdomoni. Kisha akatafuta pa kukaa.