Kijani njo mimi niliichagua

Leo mugonjwa wetu ametukimbia. Na uchungu wa kuzaa tayari ulikuwa umemushika.

Muniache niseme.

Mwezi uliopita tulichagua iniforme ya ambulanse, hapa Kindu. Mama Sifa, mukunga wetu, alitaka bluu. Mimi nikakatala. Bluu inaonyesha damu, inaonyesha matope! Nikataka kijani, kitambaa nzito, mifuko mingi, na viatu vya bote nyeusi.

Leo njo siku ya kwanza kuivaa. Asubuhi niliweka picha hapa, mukaandika: "Mumependeza!"

Kisha tukaitwa kwa mwanamuke mwenye uchungu, kule mutaa wa Alunguli.

Tukashuka kwa gari. Nyumba iko tupu. Chai iko bado moto kwenye meza.

Walikuwa wamejificha katika shamba ya mihogo, nyuma ya nyumba. Mama ya mugonjwa alikuwa amemuziba binti yake kinywa kwa mukono, asilie.

Nikasema: "Mama, usiogope! Tumekuja kuwasaidia."

Hakuniangalia usoni. Aliangalia bote.

"Hata wale wa wakati wa vita walishuka kwa gari hivi, na nguo hizi. Nao walisema wamekuja kutusaidia."

Nikavua shati, nikabaki na singleti. Mama Sifa akajifunga kitenge juu ya iniforme, akasogea peke yake polepole. Alipofika, mutoto alikuwa amekwisha kuzaliwa, pale chini kwenye udongo.

Hakulia.

Wandugu, muniambie: kesho nivae nini?

Fundi aliniapia nguo hii itadumu miaka kumi.