Paka Sita wa Mama Zena

Kijiji kizima cha Mkunya kilijua Mama Zena anapenda paka kupita kiasi. Alikuwa nao sita. Kwenye uwanda ule, ambako mwanamke huteremka bondeni alfajiri kufuata maji na kurudi jua limekwisha kuwa kali, yeye aliwamiminia paka maji kwenye kigae kabla hajanywa mwenyewe. Mwalimu wa chuoni alimsifu kuwa anafuata mwendo wa Mtume. Mama Zena akasifiwa, akainamisha macho, na watu wakadhani ni unyenyekevu.

Kumbe ilikuwa ng'onda.

Mwaka wa arobaini na tisa, alipokuwa bado anaitwa Mwanasha, mke wa miezi saba mwenye mimba changa, mumewe Muharami alileta ng'onda tatu, samaki waliopasuliwa na kukaushwa, kutoka Lindi kwa ajili ya wageni. Zikatiwa kwenye susu, zikaning'inia darini. Harufu ikamtesa Mwanasha siku mbili. Siku ya tatu akasogeza kinu, akapanda, akajiambia ataonja mkia tu. Aliposhuka, mkononi alikuwa na miiba.

Muharami alipouliza, ulimi wake ukatangulia akili.

"Ni paka."

Paka mwenyewe alikuwa wa mama mkwe, Bimdogo. Jike la kijivu alilolilea kwa uji. Bimdogo alimtazama mkwewe, akamtazama paka, kisha akasema taratibu, "Mwizi hakai nyumbani."

Shemeji Hamidu akamtia paka guniani, akateremka naye mpaka Lisekese, mbali huko bondeni, akamwacha. Mwanasha alilisikia gunia likilia hadi njia ilipopinda. Tangu hapo hakuweza kumfukuza paka yeyote aliyefika mlangoni pake.

Ikapita miaka minane. Bimdogo akaugua kifua, na siku moja Mwanasha alipokuwa akimsugua mafuta mgongoni, moyo ukamshinda.

"Mama, nina neno. Zile ng'onda nilizila mimi."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Paka gani husogeza kinu?" Bimdogo akakohoa. "Tena ulinuka mdomo mpaka alasiri."

Mwanasha akabaki na mafuta viganjani. "Sasa mbona ulimfukuza yeye?"

"Mwanangu, Muharami siku zile alikuwa akitafuta sababu tu ya kukurudisha kwenu. Mmoja wenu ilibidi aondoke. Yule hakuwa na mimba."

Wakacheka wote wawili, Bimdogo mpaka akatokwa na machozi. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

"Nikimwita aliitika," alisema. "Hata akiwa shambani."

Mwanasha alikuja kutua mzigo, akaondoka na mwingine mzito zaidi: kumbe hakula ng'onda za wageni tu, alikula na furaha ya mama wa watu.

Kesho yake alimpelekea mtoto wa paka mwenye madoa, aliye mtulivu kuliko wote. Bimdogo akasema hataki mwingine, umri umekwenda, na paka huvunja vyombo. Lakini hakumrudisha.