Pneu Niliyoitembeza Bila Upepo

Nilitoka Butembo kwa sababu ya mama mukubwa Kahindo, dada ya mama yangu. Alikuwa amelala mugonjwa kwetu Vulamba, hapo Butembo, hata uji ulikuwa haushuki tena, na kila asubuhi aliuliza jambo moja tu: mudogo wake amefika? Mudogo wake ndiye mama yangu. Vita ilimufukuza kule Kamango, akatembea na bajirani mpaka Beni kwa yaya yangu Masika, dada yangu mukubwa. Miaka tatu hao babili habakuonana. Nikasema basi, naenda kumuleta.

Saa moja ya asubuhi nilifika kwenye barieri ya kwanza, kizuizi cha barabarani. Basoda balizunguka gari yangu ndogo, bakafungua nyuma, bakabeba pneu ya secours, tairi ya akiba, kama kitu chao. Nikawasha gari, nikaenda. Siku zile ulishukuru kama bamekuachia gari.

Nilipopita Maboya, usukani ulianza kuvuta kushoto. Nilijua mara moja kwamba pneu ya mbele imetoboka. Lakini pale barabara inapita katikati ya matete marefu, na juma lile batu balikuwa banasema mengi juu ya batu kuviziwa mahali pale. Niseme kweli, woga ulinishika. Nikaendelea, gari ikiyumba, kilomita kama tatu, mpaka nikaona nyumba. Hapo ndipo nilisimama, nikatia upepo kwa pompe ya mukono, na nikawa nasimama kila mara kuongeza.

Beni, saa tano, nilienda moja kwa moja kwa Mzee Salumu, kwado, ndiyo tunavyomuita mutu wa kuziba pneu. Alitoa chambre, ule mupira wa ndani, akaitia ndani ya maji, mapovu yakatoka mahali pamoja tu. Musumari mudogo. Nikacheka kwa furaha. Yeye hakucheka. Aliingiza mukono ndani ya pneu, akaupitisha polepole pembeni yote, na alipoutoa, vidole vilikuwa vimejaa unga mweusi wa mupira. Akakunja ubavu wa pneu, nikaona nyuzi.

“Hii tundu naweza kuiziba,” alisema, “dakika kumi tu. Lakini uliitembeza bila upepo, papa. Imejisaga kwa ndani. Ikipata moto kwenye mutelemuko, itapasuka.”

Nikamubembeleza. Nikamuelezea habari ya mama mukubwa, nikaahidi kwenda polepole, nikaomba anitilie kipande cha pneu ya zamani kwa ndani, namna bengine banafanya. Alikubali kwamba banafanya. Yeye pia alikwisha kufanya, na hakutaka kueleza zaidi.

“Tuseme mama yako ndiye anakaa mbele. Ungeziba?” nilimuuliza.

“Hapana.”

Akachukua kisu, akaomba ruhusa aikate ile pneu, ili mutu asije akauziwa hiyo kesho. Nikasema akate.

Siku mbili tulingojea pneu ya kipimo chetu, maana Beni haikuwepo, ije na mutransportera, mutu wa lori, kutoka Kasindi; na taxi zilikuwa zimeacha kupita njia yetu. Mama alikaa mulangoni kwa yaya Masika, muzigo umefungwa. Hakunilaumu, na hiyo ilinichoma zaidi.

Siku ya tatu tulirudi. Mahali pale nilipoogopa kusimama, bamama balikuwa banalima viazi. Bakatupungia mikono. Kama hata siku ile balikuwepo, sijui mpaka leo.

Vulamba, karibu na saa sita, tulikuta viti vimepangwa nje ya nyumba. Mama mukubwa alikuwa amezikwa jana yake.

Nilimuambia mama kila kitu: kwamba tundu ya musumari ilikuwa kazi ya dakika kumi, na kwamba ni mimi niliua ile pneu kwa kukataa kusimama. Hilo nimejifunza, na pneu yangu ikitoboka leo, nasimama. Lakini siku ile, kama ningesimama kwenye matete, ningebaki muzima? Hapo hakuna kwado anayeweza kunijibu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kaburi iko wapi. Nikasema haiko mbali, nitamupeleka na gari.

“Acha gari,” alisema. “Nishike mukono, twende.”