Kola Isiyomkera Mtoto

Anayeanza kazi hii huwa namwambia aanzie shingoni mwa fulana. Rangi itakudanganya, na muuzaji hatakuambia kila kitu, lakini kola haifichi. Ivute kwa vidole viwili, kisha iachie. Ikirudi mahali pake bila kuacha mawimbi, endelea kuikagua fulana hiyo. Ikibaki imelegea, irudishe kwenye rundo na umshukuru muuzaji, maana huna ugomvi naye.

Nina chumba kidogo ghorofa ya tatu, Kariakoo. Watu wananitumia michoro kwa simu, mimi natafuta fulana tupu inayofaa na kuipiga chapa kwa mashine ya joto, moja moja kadiri zinavyoagizwa. Nikikosea kuchagua, mchoro mzuri unaishia juu ya kitambaa kitakachochakaa kabla mteja hajakizoea. Kwenye korido, mbele ya mlango wangu, anakaa fundi cherehani, mwanamke aliyenizidi umri, anayenisaidia kukunja mapindo. Kila nikichoma uzi kwa kiberiti kuhakikisha ni pamba, ananicheka. Anasema nanusa nguo kama paka aliyeona kapu la samaki.

Kuna mama mmoja alikuja mara ya kwanza mchana, kelele za wabeba mizigo zikipanda mpaka juu. Nilimwamkia, akaitikia, akakunjua karatasi: kuku mwenye miguu mitatu, kachorwa na mtoto kwa kalamu za rangi. Alitaka fulana ya mwanawe wa miaka mitano. Wengine huanza na bei. Yeye aliuliza kama itamkera shingoni, kwa sababu kola ikimkera huitafuna, na akishaanza kuitafuna hatulii.

Nilimpenda kwa swali lile. Nikamweleza taratibu kwamba tutafute pamba laini ya nyuzi ndefu, mshono wa shingo uwe umefunikwa kwa utepe, na lebo iwe imechapwa kwenye kitambaa badala ya kushonwa, kwa kuwa lebo ya kushonwa ndiyo hukwaruza. Alisikiliza kama mtu anayeelekezwa namna ya kutumia dawa. Alipoondoka nilijisikia nimefanya kazi yenye maana.

Baadaye akarudi kutaka fulana ya miaka sita, na baadaye tena ya miaka saba. Mchoro ulikuwa uleule. Nilitania kwamba msanii wetu hajachoka na huyu kuku, naye akatabasamu, akasema hataki mwingine.

Siku aliyoondoka na ile ya miaka saba, fundi alisimamisha mguu kwenye cherehani akasikiliza hatua zake zikishuka ngazi. Ndipo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba waliwahi kuishi mtaa mmoja kule Ilala. Mtoto alikuwa huyo mmoja tu. Aliugua homa, akazikwa akiwa na miaka minne. Fundi mwenyewe alikuwa jikoni siku ya hitma, akipika pilau. Yule mama hakupata mwingine, na anaishi peke yake.

"Sasa hizi nguo zinaenda wapi?" nikamuuliza.

"Mdogo wangu, mimi nakunja mapindo tu."

Nilijipa jibu kwamba zinawekwa sandukuni, zimekunjwa vizuri, hazijavaliwa. Hata hivyo sikuwa na amani. Niliona ninamuuzia mtu jeraha lake, kila mara saizi moja zaidi, na niliamua akirudi nimkatalie kwa upole. Nilitunga hata maneno ya kumwambia.

Akarudi, lakini safari hii alikuja kulalamika. Aliweka ile fulana ya miaka saba mezani.

"Imelegea, dada. Ulisema haitalegea."

Niliitandaza karibu na dirisha. Fulana iliyokaa sandukuni naijua, huwa na mistari ya mikunjo na harufu ya kufungiwa. Hii ilikuwa imepauka kwa jua na sabuni. Kwapani nyuzi zilikuwa zimeota vijidonge vya kusuguana. Pindo la upande wa kushoto lilikuwa limevutika, kama linavyovutwa na mtoto mwenye haya. Mbele, kola ilikuwa imetafunwa: vitundu vidogo vilivyopangana, na pengo katikati, pale ambapo meno ya utotoni yametoka na makubwa hayajaota. Niligusa pale. Palikuwa na unyevu bado, na nje jua lilikuwa kali.

Labda anamvalisha mtoto wa jirani. Mpaka leo najiambia hivyo.

 Badala ya maneno niliyoyatunga, nilisema ninachomwambia kila mteja, kwamba kukisia kwa umri hakutoshi, ni bora nimpime mtoto mwenyewe. Nilidhani atatafuta sababu, na tutaishia hapo bila kuvunjiana heshima.

"Kesho nitakuja naye," akasema.

Kesho yake umeme ulikuwa umekatika na korido ilikuwa na giza la mchana. Nilimsikia akipanda polepole, akisimama kila ghorofa kama anamsubiri mtu aliyechoka. Aliingia peke yake. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeachana kidogo na nyonga, vidole vimejikunja.

"Mwamkie dada," akasema, akitazama chini.

 Huko nje cherehani ya fundi ikasimama. Mama aliinua macho akanitazama, akingoja, na nikaona kwamba kama nikinyamaza, huyu hatapanda tena ngazi zangu, wala za mtu mwingine yeyote.

"Marahaba," nikasema.

Nikachukua utepe wa kupimia, nikapiga magoti.

"Shusha mkono, dada," mama akasema. "Hapo unapima hewa."

Nikashusha. Nilizungusha utepe taratibu, nikaupunguza mpaka mama alipotikisa kichwa kukubali. Kisha nikatafuta kwenye rafu fulana yenye kola nene, iliyoshonwa mara mbili, inayovutika na kurudi. Nilimwonyesha jinsi inavyorudi, nikaeleza kwa nini itadumu hata ikitafunwa. Katikati ya maelezo niligundua kwamba bado nimepiga magoti na sauti nimeilainisha.

"Haitakubana," nilikuwa nasema.

Mama aliipokea kwa mikono miwili, akasema ataileta ipigwe kuku umeme ukirudi, akaniaga. Kiti cha fundi kilikuwa kimeziba njia kwenye korido. Fundi alikivuta pembeni, mama akapita, akaanza kushuka.

Fundi hakukirudisha kiti. Alikishikilia pale ukutani, macho yake yakiwa chini, usawa wa meza ya cherehani, kimo cha mtoto, kama anayesubiri wa pili naye apite.