Chai ya Wageni wa Mnara

Miaka ile ya tisini, ukimwona mtoto wa mtaa wa Umoja, Nairobi, anasimama kumpisha mtu mzima, huna haja ya kuuliza ni wa nani. Ni wa madrasa ya Bi Qamar. Chumba kimoja cha mabati, ua mdogo, na ukuta wa mawe unaokufika kifuani. Asubuhi za Jumamosi walisoma Kurani. Alasiri lilikuwapo somo alilolitunga mwenyewe, akaliita "kuishi na watu": haki ya jirani, kumzuru mgonjwa, kumpokea mgeni. Kwa hilo la alasiri hata Nakhumicha, mama wa Kibukusu aliyepika chapati hapo nje, alimleta binti yake Annah.

"Kanisani atamjua Mungu," alisema. "Kwa Qamar atajua kusalimia."

Mgeni ndiye aliyekuwa somo kuu. Mgeni haulizwi lililomleta kabla hajanywa kitu. Bi Qamar alishikilia hilo kuliko yote, maana yeye mwenyewe aliingia Nairobi mjane mchanga kutoka Isiolo, na aliyempa uji wa kwanza alikuwa mama wa Kijaluo ambaye hakumuuliza hata jina.

Basi, ndugu zangu, mwaka wa tisini na nane wakaingia uani wanaume na utepe wa kupimia, Wazungu wawili miongoni mwao. Watoto wakainuka wote. Wageni wakapewa kivuli, chai, mahamri. Annah akashika ncha ya utepe. Mzungu mmoja akawapiga picha kwa kamera isiyotiwa filamu, akawaonyesha nyuso zao papo hapo, na watoto wakapiga vigelegele.

Vikombe vilipokwisha ndipo Bi Qamar akauliza, "Mmekuja na heri gani?"

"Tutajenga mnara wa simu za mkononi, mama. Watu watazungumza na dunia nzima."

"Inshallah," akajibu. Alidhani wanajenga kwingine, wamepumzika tu hapo.

Kumbe ni hapohapo. Mzee Shabani, mwenye kiwanja, alikitoa wakfu kwa madrasa, kwa mdomo tu, mbele ya jamaa baada ya swala ya Ijumaa. Miaka ile neno kama hilo lilitosha. Nani angemwambia mzee mzima atie saini? Alipofariki hati ilikuwa bado kwa jina lake, na mwanawe akakiuza kwa kampuni ya wageni wale, ya ng'ambo.

Bi Qamar akafunga safari mjini kwa Odero, wakili aliyekulia nyumba ya pili kutoka madrasa. Nakhumicha akaandamana naye, aproni bado ina unga.

"Wakfu tungeupigania," Odero akasema. "Mashahidi wapo. Baraza la jiji lilikuwa tayari kusimamisha kibali cha ujenzi. Lakini kampuni imewaandikia wakubwa serikalini. Serikali yetu na ya kwao zina mkataba wa kulinda wawekezaji. Kibali kikifutwa, kampuni itaishtaki serikali ng'ambo, mbele ya wasuluhishi, idai fidia kubwa. Baraza limeambiwa linyamaze."

"Basi twende huko ng'ambo tuseme," akasema Bi Qamar.

"Huko wanaosikizwa ni kampuni na serikali, mama. Nyinyi si upande wa kesi."

Nakhumicha akapiga paja. "Ala! Wenye nguvu wagombanie kitanda, na aliyelala juu yake asiulizwe?"

Odero hakucheka. Alisukuma karatasi mezani. Ilikuwa picha: Annah na utepe, wageni na vikombe, Bi Qamar ameshika birika anatabasamu. Chini yake kampuni ilikuwa imeandika kwamba wakazi wameridhia ujenzi na kuupokea kwa furaha.

"Nilipokea watu," Bi Qamar akasema polepole. "Sikupokea mnara."

"Najua. Lakini picha hii ilifika Ulaya jioni ileile kwa kompyuta. Kwa nini hamkuwafukuza siku hiyo?"

"Nimfukuze mgeni mbele ya wanafunzi wangu?"

Odero akatazama dirishani. Yeye pia, utotoni, alikuwa mwanafunzi wake.

Wavunjaji walikuja Jumamosi, wakati wa somo la alasiri. Vijana wa mtaa wa pili, wameajiriwa kwa siku. Waling'oa mabati, wakauangusha ukuta. Bi Qamar alisimama na watoto na mkeka uliokunjwa. Mzungu mwenye kamera alikuwa ng'ambo ya barabara, akikipiga picha kiwanja.

Jua lilikuwa kali. Kijana mmoja akafuta jasho, akamjia, akamwamkia kwa Sheng ya mtaani.

"Niaje, mathe. Kuna maji?"

"Usithubutu, Qamar!" Nakhumicha akafoka kutoka kwenye jiko lake. "Akanywe kwa waliomtuma!"

Watoto hawakumtazama kijana. Walimtazama mwalimu wao. Annah tayari alikuwa na jagi mkononi, lakini hakuliinua. Bi Qamar akamwendea Annah. Akalichukua jagi mwenyewe, akammiminia kijana. Maji mengine yakamwagikia kijana viatuni.

Ng'ambo ya barabara kamera ikainuliwa.

"Watoto!" akaita kwa hofu. "Ingieni nyuma ya ukuta, wasiwapige picha!"

Watoto wakageuka haraka, kama walivyozoea kumtii. Kisha wakasimama pale pale, wakitazama mawe yaliyokuwa ukuta.